Picha ya Ng'ombe Niliitoa Mimi

Nyasho, Musoma
Jumapili, saa tisa mchana

Felista mwanangu,

Uko kwa shangazi yako unasukwa, na ninavyowajua nyie wawili hamtamaliza kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kupita nyuma yangu na kuuliza, "Baba, unaandika nini?" Habari za neti ya mbu, za kutomwachia mtu begi lako stendi, za kupiga simu ukifika Morogoro, mama yako ameshakwambia mara tatu na kesho alfajiri atakwambia ya nne. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu, na nimelikalia karibu miaka miwili.

Picha ile ya ng'ombe wa baba yako mkubwa hukuitoa wewe. Hukukosea grupu. Hukubonyeza kitu kibaya. Niliitoa mimi, kwa kidole changu mwenyewe, nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya duka, nikijua kabisa ninachofanya.

Kama umesoma haraka, rudia hapo juu. Halafu uendelee, maana nataka nikueleze ilivyokuwa, na sitaki kujipaka mafuta.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akiuliza bei ya tairi akaondoka bila kununua, mimi natokaga mpaka barazani kuangalia ameingia duka la nani. Mama yako anasema ningekuwa polisi ningemweka ndani hadi mkuu wa kituo. Nilipoingia kwenye lile grupu letu la Picha ya Wiki nilikwenda na tabia hiyohiyo. Masharti ulinisomea wewe, siku ile miwani yangu imevunjika: mada inatolewa Jumatatu asubuhi, kila mtu analeta picha moja tu, iwe imepigwa wiki hiyohiyo, mwisho Jumamosi jioni. Jumapili baada ya misa watu wanapiga kura. Zawadi hakuna. Aliyeshinda anachagua mada ya wiki inayofuata, basi.

Mtu mzima ukimweleza hivyo anacheka. Eti mnagombania kuchagua neno! Lakini mimi ni muuza spea za baiskeli. Tangu nizaliwe hakuna watu waliowahi kuningoja mimi niseme leo tutazame nini. Nikalitamani lile neno, Felista, kama mtoto anavyolitamani andazi la mwenzake. Mada ikawa Mlango, nikapiga picha milango yote ya mtaa huu. Ikawa Mikono, nikampiga picha mama yako akichambua mchele mpaka akaniambia nikirudia tena nitaula na mawe. Mwaka mzima ukapita sikushinda hata mara moja.

Basi nikaanza kuwachunguza wanaoshinda. Huyu mbona kila wiki anapata kura zilezile? Yule wa Rukuba, kisiwani kule, mtandao anautoa wapi? Kuna wiki mada ilikuwa Mvua, na hapa Musoma kulikuwa kukavu, vumbi tupu. Mwalimu Paskazia wa Bunda, yule mama mstaafu anayekaa Manyamanyama, akaleta picha ya matone yakiruka kwenye mdomo wa ndoo. Picha nzuri sana. Mimi nikaandika mbele ya grupu zima: "Mwalimu, wiki hii mvua imenyesha wapi? Hiyo ni ya zamani." Akanijibu kwa sauti yake, amerekodi, na nyuma yake bati linapigwa na mvua kama linamwagiwa kokoto: "Mzazi, Bunda siyo Musoma. Njoo basi unisaidie kuanua nguo." Grupu zima lilicheka siku mbili. Wewe pia ulicheka, nilikusikia jikoni. Nikamwekea yule mama kinyongo ambacho hakuwahi hata kujua kipo.

Ndipo ikaja mada ya Wingi.

Nilijua watu wataleta nini. Dagaa wameanikwa Bukima, maharage sokoni, watoto wa shule wakiwa mstarini. Mimi nikakumbuka zizi la kaka yangu Butiama. Wewe ulikuwa likizo, kidato cha tano, nikakwambia twende ukamsalimie baba yako mkubwa, na ukafurahi maana nauli nililipa mimi. Kumsalimia kulikuwa ni kisingizio. Hilo nalo ulijue.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Umelelewa mjini lakini hilo unalijua. Ukimuuliza baba yako mkubwa ana ng'ombe wangapi anakujibu, "Wapo." Jioni anasimama langoni mwa zizi, hasemi moja, hasemi mbili, anatazama rangi zinavyopita, na akikosekana mmoja anamjua kabla lango halijafungwa. Mgeni akija anaonyeshwa sebule, haonyeshwi zizi. Watu wa mbali wanaona ni ushamba. Lakini mtu aliyezaliwa mahali ambapo ng'ombe wanaweza kulala kwako na kuamkia kwa mwingine hawezi kucheka jambo hilo.

Nilipanda juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya jiko la mama yako mkubwa. Jua lilikuwa linashuka, vumbi limekuwa la njano, na ng'ombe wakaanza kuingia. Yule wa kijivu mwenye pembe moja iliyoinama alikuwa mbele, yule ambaye baba yako mkubwa alikuwa akimwita "wa Felista" tangu akiwa ndama. Wewe ulikuwa umesimama kando ya lango na kitenge cha mama yako mkubwa mabegani. Haki ya Mungu, nilibonyeza mara moja tu. Nilijua nimeipata hata kabla sijaitazama.

Kaka akaja chini ya jiwe, akasema, "Umepiga?"

"Nimepiga."

"Sawa. Hiyo ni ya ukutani kwetu. Isitoke nje ya familia."

"Kaka, mimi tena?" nikamwambia. "Mimi nimezaliwa wapi?"

Akaridhika. Kaka yangu mimi hanishukugi. Katika maisha yake yote hajawahi kunishuku, ndiyo maana inaniuma hivi.

Jumamosi tukarudi Musoma. Mchana nikakupa simu, nikakwambia uipunguze ukubwa ile picha uitume kwenye grupu la familia, ili mtoto wa baba yako mkubwa aisafishe Bunda kwa ajili ya ukuta wa baba yake. Ukafanya hivyo. Ukanirudishia simu ukaenda kwaya. Hayo ndiyo uliyoyafanya wewe, na hakuna kingine. Mimi nikatoka na simu nyuma ya duka. Saa kumi na moja na kitu. Picha ya wiki ile sikuwa nayo nyingine. Nikaitazama, nikasema, hii nani atajua? Nani Butiama yuko kwenye grupu letu? Nikaandika neno moja, "Nyumbani," nikaituma.

Kesho yake nikashinda kwa kura ambazo hakuna aliyewahi kuzipata. Na hapo ndipo wewe na mama yako mngeshtuka kama mngekuwa kama mimi. Mtu aliyengoja mwaka mzima kushinda, anashinda, halafu anamwandikia kiongozi wa grupu pembeni kumwomba asiweke jina lake kwenye tangazo la mshindi. Nikachagua mada haraka haraka, Kivuli, nikaifuta ile picha kwenye simu yangu. Lile andazi nililolitamani vile nikalimeza bila kulitafuna.

Lakini tangazo lilishatoka, bila jina langu ila na picha. Watu wakaliweka kwenye stetasi zao, likaenda huku na huku. Siku ya nne kaka akiwa mnadani, mtu asiyemjua akamsogezea simu usoni: "Mzee, hawa si wa kwako?"

Alinipigia palepale. Nilisikia mnada wote nyuma yake. Akauliza kwa upole, siyo kwa hasira, na ule upole ndio ulionimaliza: "Mdogo wangu, nani ametoa ng'ombe wangu nje?"

Felista, sikufikiria hata kidogo. Ningesema nilifikiria nikashindwa, ingekuwa afadhali. Mdomo ulifunguka wenyewe: "Kaka, simu ilikuwa kwa Felista siku ile. Labda amekosea grupu. Watoto hawa na simu zao, unawajua."

Akakaa kimya. Akasema, "Basi." Akakata.

Jioni ile nikakuita sebuleni. Nakumbuka ulikuwa na mikono ya unga. Nikakuuliza kwa sauti ya baba mwenye huruma, "Mwanangu, una hakika siku ile hukukosea grupu?" Ukanitazama. Ukafikiria kweli, nikauona uso wako unajitafuta. Halafu ukasema, "Sijui, baba. Labda."

Ile labda yako nimekaa nayo. Ulikuwa hujakosea chochote, lakini kwa sababu mimi baba yako nimeuliza, ukakubali kwamba inawezekana umekosea. Uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini mwenyewe. Na mimi nikakupigapiga begani nikasema, "Usijali, bahati mbaya." Mungu anisamehe, nilikusamehe kosa langu mwenyewe!

Wiki ya pili ng'ombe wakaibiwa. Wangapi sitaandika, nimeshajifunza. Kaka alifuata nyayo siku tatu, akarudi miguu imevimba kama imeumwa na nyuki. Baadhi walipatikana. Wa kijivu hakupatikana.

Sasa nikageuka mpelelezi. Unakumbuka? Nilifunga duka katikati ya wiki, mkadhani naumwa. Nilikuwa napitia majina ya wanagrupu mmoja mmoja. Nilimshuku yule wa Rukuba kwa sababu picha yake ya utambulisho ni kidole gumba tu. Nilimshuku kiongozi wa grupu. Nilimshuku hadi fundi wa jirani aliyeniuliza kwa wema, "Kaka yako amepata nafuu ya miguu?" Nikawaza, huyu habari za miguu kazijuaje? Kumbe mama yako ndiye aliyemwambia.

Halafu nikaona maoni ya Mwalimu Paskazia chini ya lile tangazo la mshindi. Alikuwa ameandika: "Hongera mzazi," na baada yake idadi kamili ya ng'ombe, na baada ya idadi, "kama sijamkosa mmoja nyuma ya mkia." Ayaa! Amewahesabu! Nani anahesabu ng'ombe wa watu kwenye picha kama siyo mtu mwenye kazi nao? Na kinyongo cha mvua kilikuwa bado kibichi. Jumanne nikapanda gari kwenda Bunda.

Nilimkuta Manyamanyama, barazani kwake, anashona vifungo kwenye mashati ya shule anayouza. Mama mnene, mpole, miwani minene kama chini ya glasi. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Akanikaribisha, akanipa chai na karanga kabla sijayatoa. Mwishowe nikamuuliza, "Mwalimu, kwa nini ulihesabu wale ng'ombe?"

Akacheka. "Mimi nahesabu kila kitu, mzazi. Macho yangu yanaondoka. Daktari aliniambia nijipime mwenyewe nyumbani, basi mimi najipima kwa picha zenu. Ile yako ya mikono, mama anachambua mchele, nilihesabu vidole tisa. Kimoja kimejificha chini ya ungo. Mwezi huu bado naona. Mwezi ujao sijui."

Nikachukua karanga nyingine. Akaendelea kushona, bila kuniangalia, akauliza, "Na wewe, mwenye ng'ombe alikuruhusu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Na hapo nikamdanganya mama mzee anayepofuka, huku natafuna karanga zake. Na usidhani niliondoka pale nimetubu. Nikiwa kwenye gari kurudi Musoma nilikuwa bado nawaza, macho gani hayo yanayoondoka lakini yanaona mpaka nyuma ya mkia? Ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka mwizi kwa nguvu zote, maana kama mwizi angepatikana kwenye grupu, basi kosa lingekuwa lake, na jina langu lisingetafutwa tena.

Waliokamatwa baadaye, wawili, kila mmoja alikutwa na kitochi, simu ya tochi tu isiyofungua picha yoyote. Nilifurahi siku ile! Nikajiambia, unaona, siyo picha. Inawezekana siyo picha. Inawezekana kuna aliyewaonyesha, inawezekana hakuna, mpaka leo sijui na nadhani sitajua. Lakini nilichelewa sana kuelewa kwamba hilo halinisaidii kitu. Ng'ombe hata wangekuwa wote zizini hadi leo, wewe bado ungekuwa umebebeshwa mzigo wangu.

Krismasi ile tulipokwenda Butiama baba yako mkubwa akasema mlangoni, "Huyo mtoto aache simu nje." Hakusema vibaya. Ukaitoa mfukoni ukaiweka juu ya jiwe, lilelile nililopandia mimi, ikakaa juani kutwa nzima. Simu yangu mimi ilikuwa mfukoni, imewashwa. Nilikula nyama siku ile nikiwa nimekaa na kaka yangu upande mmoja, wewe uko jikoni umenyamaza, na nikaomba niongezewe.

Mwaka jana ulinipa nafasi moja. Tulikuwa tunafungua duka, ukauliza kama mtu asiyejali, "Baba, ile mada ya Kivuli aliichagua nani?" Nikasema kiongozi wa grupu. Ukasema "Ahaa," ukaendelea kupanga minyororo ya baiskeli. Tangu hapo nimekuwa nikikutazama kwa pembe ya jicho. Sijui kama ulikuwa unauliza au ulikuwa unanifungulia mlango. Nimeishi nyumbani kwangu kama mtu anayejificha kwa majirani: ukicheka na mama yako, nawaza mnacheka nini, ukishika simu yangu, moyo unaruka. Nilikuwa namshuku mwanangu kwamba anajua ukweli. Nani anaishi hivyo?

Na pengine ningeendelea hivyo mpaka uondoke, nikasema basi, ameenda zake, yameisha. Kilichonishinda ni Alhamisi. Jirani yetu alikuja na mtoto wake mchanga, akakuomba uwapige picha, maana zamani wewe ndiye uliyekuwa unawapiga watu wote mtaa huu. Ukarudisha mikono nyuma. Ukamwambia, unacheka lakini siyo kicheko, "Dada, mimi picha zangu zina mikosi." Nilikuwa nyuma ya pazia. Mwanangu, wewe una jicho kunizidi mimi mara mia. Wewe ndiye uliyenifundisha nisogee pembeni kidogo ili mwanga usinipige usoni. Na mimi nimekunyang'anya hilo, nikakuacha unadhani umelitupa mwenyewe.

Huko chuoni magrupu ya picha yatakuwepo, na mada kila wiki. Ingia. Usiache kwa ajili yangu. Mimi lile grupu limenionyesha mji huu ambao nilikuwa nautembea kama punda anavyoutembea. Kabla yake sikuwahi kujua kwamba saa mbili asubuhi mabati ya Nyasho yanang'aa kuliko ziwa. Ila kuna kitu hakiandikwi kwenye masharti. Ukishapewa neno, kila unachokiona unaanza kukiona ni chako. Walipotoa mada ya Machozi nilikwenda msibani kwa mzee wa mtaa wa pili nikiwa na simu mkononi, na nilipokuta wafiwa wametulia, hawalii, nilisikitika. Yaani mimi, mtu na akili zangu, nilisikitika kwamba watu hawalii. Sikupiga, lakini hilo la kusikitika nimelifanya, na sikumwambia mtu. Siku ukisikia kitu kama hicho ndani yako, weka simu mfukoni urudi nyumbani. Wiki moja bila picha haijawahi kumuua mtu.

Na picha ikiwa ni ya mtu, au ya kitu cha mtu, usijiulize wewe kama ni nzuri. Muulize yeye kama itoke. Akisema isitoke, hata kama ndiyo picha bora uliyowahi kupiga, isitoke. Mimi nilikuwa nayo picha bora ya maisha yangu. Ingekaa ukutani kwa kaka yangu, kila Krismasi ningeitazama nikila nyama kwa amani.

Leo baada ya misa nilimwambia mama yako. Nilimwita chumbani, nikafunga mlango, nikajikohoza kama mtu anayetaka kutangaza harusi. Nikamwambia yote. Alikuwa anakunja nguo zako za safari. Hakuacha kukunja.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposhinda ukakaa kimya. Wewe baba Felista, ukipata hata kura mbili mtaa mzima tunaambiwa."

"Mbona hukusema?"

Hapo ndipo akaacha kukunja. "Nilikuwa namngoja mwanaume aseme. Mwaka wa kwanza nikangoja. Mwaka wa pili nikangoja. Sasa mtoto anaondoka. Na kama unaniambia mimi ili upumue, umekosea mlango. Siyo mimi niliyeibiwa ng'ombe, na siyo mimi niliyesingiziwa."

Sijawahi kumwogopa mama yako kama leo.

Kwa hiyo nilikaa hapa kuandika. Na hata barua hii naishuku, Felista. Nimeshaisoma mara mbili tangu mwanzo, na kuna mahali naona nimejichekesha ili unionee huruma, lile la andazi, lile la mama wa Bunda na mkia. Barua ni rahisi. Karatasi haikutazami. Naandika hapa nimejifunika kama nilivyojifunika nyuma ya duka siku ile. Kama nikiishia hapa, nitakuwa nimekupa wewe ukweli wangu uubebe mpaka Morogoro, na kaka yangu ataendelea kuamini kwamba mtoto wa mdogo wake ndiye aliyemfilisi. Huo utakuwa ni ujanja uleule, umevaa shati jipya.

Wiki iliyopita nilikwambia twende Butiama ukaage, ukasema, "Sitaki, baba. Nikifika wataanza kufunga zizi." Nikasema sawa, usichoke na safari. Ningepaswa kuanguka chini palepale.

Nikiweka kalamu chini naondoka kwenda Butiama. Mama yako atakupa hii ukishakula. Usiku wako wa mwisho nyumbani sitakuwepo, na hilo linaniuma, lakini nimekula nawe sahani moja miaka miwili nikiwa mwongo, na leo sitaki tena. Kaka nitamwambia mbele ya mkewe na mbele ya wanawe, wale waliokuwa wanakutazama. Nitamwambia picha niliitoa mimi kwa sababu nilitaka kushinda. Nitamwambia nilikutaja wewe kwa sababu ulikuwa karibu na huna mdomo mbele yangu. Atakachofanya ni chake. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunyamaza kama siku ile kwenye simu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kunisamehe siombi kwa karatasi. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, na usiharakishe kumaliza kwa sababu mimi ni baba yako. Kilichokuponza ni kuniamini haraka. Siku nyingine nikikuuliza una hakika, na wewe una hakika, niambie ndiyo, nina hakika, hata kama ninakukazia macho.

Basi lenu linatoka stendi ya Bweri saa kumi na mbili asubuhi. Likifika Makutano, pale njia panda ya Butiama, linasimama kidogo kuchukua abiria. Kaa dirishani. Nitakuwa pale barabarani. Ukimwona baba yako mkubwa amesimama na mimi, mwombe kondakta dakika moja ushuke umsalimie. Ukiniona niko peke yangu, usishuke, na usinionee huruma. Ujue tu kwamba Butiama nzima imeshaambiwa siyo wewe.

Baba yako